Sura ya Sita: Umeme wa Jirani

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tumelelewa na methali hiyo, na bwawa la umeme linapozinduliwa Afrika Mashariki hakosekani mtu wa kuikumbusha. Sasa litazame jimbo la Guangdong, ambalo mji wake mkuu ni Guangzhou. Lina watu wapatao milioni 127 na uchumi mkubwa kuliko jimbo jingine lolote la China; mwaka 2023 pato lake lilivuka yuan trilioni 13. Nguo tunazovaa, simu tunazoshika na taa zinazotuangazia, nyingi zimetoka kwenye viwanda vyake. Na kati ya robo na theluthi ya umeme unaotumika huko hauzalishwi Guangdong. Unatoka kwa majirani, kwenye mito ya Yunnan na Guizhou, majimbo ya milimani ambayo kwa kipato yako nyuma sana. Tajiri anakula cha nduguye maskini miaka nenda miaka rudi, na hafi.

Kwa hiyo ama methali imekosea, ama ipo namna ya kutegemea isiyoua. Naamini ni hili la pili. Sura hii inaitafuta namna hiyo kwa ajili ya nchi na visiwa vidogo vya kwetu, ambavyo havina njia ya kuishi bila kumtegemea mtu.

Mashariki ya Guangzhou, katika wilaya ya Zengcheng, kuna kituo kinachopokea umeme uliosafiri takriban kilomita 1,400 kutoka Chuxiong, Yunnan. Njia hiyo ilikamilika mwaka 2010 na ilikuwa ya kwanza duniani kusafirisha umeme wa mkondo mnyoofu kwa msongo wa kilovoti 800. Uwezo wake ni megawati 5,000. Bwawa letu la Julius Nyerere, mitambo yote tisa ikizunguka kwa nguvu zake zote, linatoa 2,115. Na hiyo ni njia moja tu kati ya nyingi. Mwishoni mwa 2020 iliongezwa nyingine ya megawati 8,000 kutoka bwawa la Wudongde, ambayo mzigo wake unagawanywa kati ya Guangdong na jirani yake Guangxi. Mwenye njia zote hizo ni Shirika la Gridi ya Kusini mwa China, lililoundwa mwaka 2002. Makao yake makuu yako Guangzhou. Linahudumia majimbo matano, na nyaya zake zinafika Hong Kong, Macau, Vietnam, Laos na Myanmar.

Hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana. Maji ni ya Yunnan, lakini swichi iko Guangzhou. Mnunuzi mkubwa na mwenye waya wanaishi mji mmoja, na wanaotunza hesabu za nani apewe kiasi gani ni majirani zake wa mtaa.

Hata hivyo swichi haiamuru mvua. Mwaka 2021 Yunnan ilipata ukame, bei ya makaa ya mawe ikapanda, joto likaja mapema, na viwanda vya Guangdong vilikuwa na maagizo mengi kutoka nje baada ya mwaka wa korona. Kuanzia Mei viwanda katika miji mingi ya jimbo viliamriwa kupunguza kazi au kusimama siku kadhaa za wiki, na Septemba hali ikawa mbaya zaidi. Ulikuwa mgao wa umeme, kama ule tunaoujua sisi, na ulifika mpaka soko la Kariakoo, Dar es Salaam: mzigo ulioagizwa ulichelewa kutoka kiwandani, na aliyekwishalipa hakuwa na la kufanya. Guangdong haikuanguka, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake bado inazalishwa nyumbani, kwa makaa ya mawe, gesi na mitambo ya nyuklia ya Daya Bay, Yangjiang na Taishan. Umeme wa jirani ulipopungua, jimbo liliumia likaendelea kuishi.

Jirani mdogo hana upana huo. Ichukue Macau, mwendo mfupi kusini mwa Guangzhou. Macau si nchi. Ni mkoa wa utawala maalumu uliorudi China mwaka 1999 baada ya karne nyingi za Wareno. Lakini kwa umbo na maisha yake ni jirani mdogo hasa: watu wasiofika laki nane, uchumi wa watalii na kamari, na karibu asilimia 90 ya umeme kutoka bara kupitia mji wa Zhuhai. Tarehe 23 Agosti 2017 kimbunga Hato kilipiga pwani hiyo. Njia za umeme za Zhuhai ziliharibika na Macau nzima ikakosa umeme. Maji ya bahari yaliingia mitaani, huduma ya maji ya bomba ikavurugika, na watu 10 wakapoteza maisha. Ilikuwa moja ya sehemu tajiri kabisa duniani kwa pato la kila mtu, na utajiri huo haukuwa na msaada saa ile.

Msomaji wa Unguja hahitaji kufika Macau ili aelewe. Waya wa kwanza wa baharini kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Fumba uliwekwa mwaka 1980. Kwa karibu miaka thelathini kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya huo. Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika na haukurudi kwa karibu mwezi mzima. Mwaka uliofuata ulikatika tena, tarehe 10 Desemba, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu, tena katikati ya msimu wa watalii.

Kilichoanza kukosekana ni maji. Pampu za visima zilikuwa za umeme, kwa hiyo mifereji ilikauka siku za mwanzo tu, na wanawake na watoto wakaanza safari za ndoo na madumu kwenye visima vya kuvuta kwa kamba. Kisha barafu ikatoweka, na bila barafu mvuvi lazima auze samaki wake asubuhi ile ile kwa bei yoyote atakayopewa. Mahoteli makubwa yaliwasha majenereta yakalipa dizeli. Nyumba ndogo za wageni zilizima taa. Fundi wa kuchomelea geti, kinyozi, mwenye saluni, mwenye cherehani ya mota, mama anayeuza juisi na aiskrimu ya vifuko kutoka kwenye friji yake, wote walikaa. Watu hawa hawana mshahara wa mwezi. Siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyokula.

Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alifuatilia mwezi ule wa 2008 baadaye, na alichokikuta hakijanitoka akilini. Waliokuwa na kazi zinazotegemea umeme walipoteza saa za kazi na kipato. Halafu akapitia kumbukumbu za uzazi: watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao, na waliozaliwa na uzito wa chini ya kiwango salama waliongezeka. Maelezo yake ni kwamba nyumba zilipungukiwa fedha, na mama wakapungukiwa chakula. Tunapozungumza juu ya usalama wa nishati na ukuaji wa uchumi mara nyingi tunataja megawati na asilimia za pato la taifa. Zanzibar ilionyesha kwamba hasara hiyo unaweza kuisoma kwenye mizani ya wodi ya wazazi.

Baada ya hapo mambo yalirekebishwa, na si vibaya kusema hivyo. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, kwa msaada wa Norway. Kabla yake ilitegemea majenereta tu. Unguja ilipata waya wa pili, wa megawati 100, mwaka 2013, kwa fedha za Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Ila nyaya zote hizo, mpya na ya zamani, mwanzo wake ni gridi moja ya Tanzania Bara. Hitilafu kubwa ikitokea kwenye gridi ya Bara, visiwa navyo vinakosa umeme. Macau nayo ilifuata njia hiyo hiyo baada ya Hato: iliongeza njia ya tatu ya kilovoti 220 kutoka Zhuhai, na ikaendelea kuutunza mtambo wake wa Coloane. Waya wa ziada unakulinda na nanga ya meli, kimbunga na kiungo kilichoungua. Haukulindi na ukame wa jirani, wala na hasira zake.

Hasira nazo tulizionja. Machi 2017 Rais John Magufuli aliliagiza shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, kuwakatia umeme wadaiwa sugu wote bila kujali ni nani, na Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, lilikuwa miongoni mwa wadaiwa, kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 100. TANESCO ilikuwa na haki ya kulipwa. Shirika lisilolipwa haliwezi kutunza nguzo zake. Lakini kwa siku kadhaa hospitali, visima na mahoteli ya visiwa vizima vilikuwa chini ya amri moja iliyotolewa ng'ambo ya pili. Kisiwa kinachonunua umeme na kuchelewa kulipa kimeiweka shingo yake mkononi mwa mwingine, hata kama huyo mwingine ni ndugu wa damu.

Hong Kong ilijifunga kwa jirani kwa namna tofauti, na nadhani mfano huu unastahili kusomwa Zanzibar, Kigali na Bujumbura kuliko hotuba nyingi. Mtambo wa nyuklia wa Daya Bay ulipoanza kazi mwaka 1994, kwenye pwani ya Guangdong karibu na Shenzhen, robo ya hisa zake zilikuwa za kampuni ya umeme ya Hong Kong. Mnunuzi aliweka mtaji kwenye mtambo wenyewe. Sehemu kubwa ya umeme wake imekuwa ikienda Hong Kong tangu mwanzo, na leo mtambo huo unaipatia karibu robo ya mahitaji yake. Kinachobaki Hong Kong inazalisha kwa kiasi kikubwa yenyewe. Mwenye hisa huketi kwenye bodi, husoma hesabu, hujua mtambo utafungwa lini kwa matengenezo. Mteja wa kawaida huletewa bili.

Laos iko upande wa pili wa mizani. Ni nchi isiyo na bahari, ya watu milioni saba na ushei, yenye mito mingi, na kwa miaka mingi viongozi wake walijinadi kuwa watakuwa betri ya Asia ya Kusini Mashariki. Mabwawa yalijengwa kweli. Nam Theun 2, la megawati zaidi ya 1,000, lilianza kuiuzia Thailand mwaka 2010. Lakini ujenzi ulikwenda kwa mikopo, mingi ya China, na shirika la umeme la taifa likalemewa na madeni. Wakati wa kiangazi, mito inaposhuka, Laos yenyewe hununua umeme kutoka kwa majirani wale wale inaowauzia masika. Mwaka 2020 serikali iliunda kampuni mpya ya kusafirisha umeme pamoja na Gridi ya Kusini, na Machi 2021 ikaipa haki ya kuendesha njia kubwa za umeme za taifa kwa miaka 25. Hisa nyingi katika kampuni hiyo ni za Wachina. Masharti kamili hayakuwekwa hadharani.

Sisemi kwamba Gridi ya Kusini iliwaibia Walao. Shirika hilo linajua kazi yake, na vijiji vya kaskazini mwa Laos vilipata umeme kwa waya wake kutoka Yunnan tangu mwaka 2009. Ninachosema ni kwamba nchi ilikuja kujadili swichi yake ikiwa na deni mkononi, na mwenye deni hajadili, huomba. Mwaka 2022 magari yalipanga foleni za mafuta Vientiane, na mapema 2023 mfumuko wa bei ulivuka asilimia 40. Nchi ilikuwa na mabwawa mengi lakini haikuwa na dola za kununua petroli.

Sentensi hiyo ya mwisho ingeweza kuandikwa Bujumbura. Burundi imeishi miaka kadhaa sasa na uhaba mkali wa mafuta, magari yakilala foleni kituoni, watu wakitembea kwa miguu kwenda kazini, wengine wakivuka mpaka hadi Uvira, Kongo, kutafuta madumu ya petroli. Mafuta duniani yapo. Kinachokosekana ni fedha za kigeni za kuyalipia. Kahawa, chai na dhahabu haziingizi za kutosha. Na bila mafuta, hiyo kahawa nayo inashuka milimani kwa taabu na gharama kubwa zaidi, kwa hiyo dola zinazidi kupungua. Ukuaji wa uchumi na nishati hapa vimeshikana koo.

Uganda haikukosa dola, ilikosa barabara. Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi na reli kung'olewa pale Kibera, mafuta yalipanda bei maradufu Kampala, na Rwanda na Burundi zikabana matumizi. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona, na petroli ikafika zaidi ya shilingi 10,000 za Uganda kwa lita katika baadhi ya maeneo. Mara zote mbili Uganda haikuwa na kosa lolote. Baadaye ilipotaka kuagiza mafuta yake yenyewe kupitia Mombasa bila kampuni za Kenya kati yake na muuzaji, ilinyimwa kibali, ikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki Desemba 2023, na mwishowe wakaelewana. Shehena zake zilianza kuja kwa utaratibu mpya katikati ya 2024. Nilifurahi kuona nchi mbili jirani zikigombana kwa makaratasi. Kwenye umeme na mafuta, ugomvi wa makaratasi ndio ugomvi wa heri.

Na yapo yaliyofanywa vizuri kwetu. Kwenye maporomoko ya Rusumo, pale mto Kagera unapozitenganisha Tanzania na Rwanda, kuna mtambo wa megawati 80 unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu sawa, karibu megawati 27 kila mmoja. Ni mdogo. Kwa Burundi, ambako takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye mwenye umeme, si mdogo hata kidogo, na muhimu zaidi Burundi ni mwenye mali pale. Rwanda nayo huchota gesi chini ya Ziwa Kivu na kuigeuza umeme, megawati 26 za KivuWatt tangu 2016 na nyingine zilizofuata. Na tangu Desemba 2024 njia ya kilovoti 400 inaunganisha gridi za Kenya na Tanzania, kwa hiyo umeme wa Ethiopia, ambao tayari unafika Kenya kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000, unaweza kuvuka hadi Arusha. Yunnan na Guangdong walianza hivyo hivyo.

Turudi Guangzhou, lakini sasa tushuke mitaa ya Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, kwenye jengo la Tianxiu na maduka ya jirani yake, ambako Kiswahili husikika kwenye lifti. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Darajani na Eastleigh huja kutafuta nguo, vipuri na vyombo. Wengi sasa hutafuta sola. Inveta na betri nyingi hutengenezwa Shenzhen na miji ya jirani. Taa zinatoka Guzhen, mji ulioko Zhongshan ambako karibu kila mtu anaishi kwa biashara ya taa. Mwenye uzoefu haamini maandishi ya boksi. Betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 100 ikiwa ni ya kweli huwa na uzito unaokaribia kilo 30, kwa hiyo anaiweka kwenye mizani. Ikija na kilo 18, risasi haimo, hata kama stika inasema vinginevyo. Taa ya sola iliyoandikwa wati 300, yenye paneli ya ukubwa wa daftari, haiwezi kuwa na wati 300, naye anaipita bila kuuliza bei. Betri ya lithiamu ina usumbufu wake: husafiri kwa meli na karatasi za bidhaa hatari, na wakala wengi hawakubali kuichanganya na nguo kwenye kontena la kuchangia.

Kuna anayeuliza: kutegemea sola ya China si kuhama kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine? China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli duniani. Desemba 2024 ilipopunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza paneli nje, kutoka asilimia 13 hadi 9, uamuzi huo uligusa hesabu za kila anayeagiza kutoka Afrika. Swali ni la haki. Lakini petroli unayoinunua leo inaungua leo, na mwezi ujao unamrudia muuzaji yule yule ukiwa na dola nyingine mkononi. Paneli nzuri ikishafungwa kwenye bati la nyumba ya Makunduchi au Gitega itafanya kazi miaka 25, na hakuna serikali, mgomo wala deni la taifa linaloweza kuizima kutoka mbali. Kinachobaki kununuliwa ni betri na inveta kila baada ya miaka kadhaa. Utegemezi huo upo, na unabebeka. Ndiyo maana mzigo unaokaguliwa hovyo unanisikitisha: betri ya kilo 18 inamrudisha mama wa Makunduchi kwenye kibatari ndani ya mwaka mmoja, na anaapa hatanunua sola tena.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar, na wabunge wa Bujumbura, Kigali na Kampala, wanayo kazi moja wanayoweza kuianza kesho bila mkopo wa mtu. Kila mkataba wa kununua umeme au mafuta ya jirani uletwe mezani usomwe hadharani kabla ya kusainiwa, wananchi wajue bei ni ngapi, nani anashika swichi, deni likichelewa kinatokea nini, na kama nchi yao ina hisa kwenye mtambo au inaletewa bili tu. Walao hawakupewa nafasi hiyo. Sisi bado tunayo.